Mwamba Ngoma na Kijiti Kinachojigeuza

Mpenda sayansi hana sifa njema katika baraza za washairi. Husemwa kuwa ni mtu mkavu, mwenye kuzihesabu nyota badala ya kuzitazama, na kwamba hadithi ikiwanogea wenziwe yeye huuliza imepimwa vipi. Akikicheka kijiti kinachodaiwa kutafuta maji, au pete inayoning'inizwa kwa uzi juu ya tumbo la mja mzito ili ijulikane kama atazaliwa mwanamume au mwanamke, huambiwa awaache watu na starehe zao, kwani si kila kitu hupimwa. Maneno hayo yana utamu wake, na wenye kalamu nzuri huyarudia kama kwamba ni hekima ya kale. Lakini hekima hiyo imekwisha kupelekwa sokoni ikauzwa kwa fedha nyingi mno, na walioilipia kwa roho zao hawakuwa wanunuzi, bali watu waliokuwa wakipita njia.

Kitu chenyewe kiliitwa ADE 651. Kilikuwa ni kipini cha plastiki mfano wa kipini cha bastola, na mbele yake kimechomekwa antena iliyoachwa huru kuzunguka huku na huko kwenye bawaba. Hakikuwa na betri. Muuzaji wake, Mwingereza James McCormick, alieleza kuwa nguvu zake hutokana na umeme tuli wa mwili wa yule anayekishika. Pembeni pake hutiwa kadi, na kila kadi ilidaiwa kuwa imeandaliwa kutambua kitu chake maalumu: baruti, dawa za kulevya, pembe za ndovu, hata binadamu aliyejificha. Askari alitakiwa awe ametulia na kupumzika vyema, ashike kipini, apige hatua, na antena ingemgeukia mwenye bomu. Kwa mujibu wa karatasi za biashara, antena hiyo ilikuwa ikihisi kupitia ukutani, chini ya maji, chini ya ardhi, na hata kutoka kwenye ndege iliyo angani.

Serikali ya Iraq ilinunua vijiti hivyo kwa maelfu, na bei yake kwa jumla ilifika makumi ya mamilioni ya dola. Vikagawiwa kwenye vituo vya ukaguzi vya Baghdad, mji ambao katika miaka hiyo ulikuwa ukilipuliwa kila uchao. Tarehe 25 Oktoba 2009, magari mawili yaliyojaa baruti yalilipuka katikati ya mji, karibu na Wizara ya Sheria na ofisi za serikali ya mkoa, na zaidi ya watu 150 wakafa. Njia za kufikia hapo zilikuwa na vituo vya ukaguzi, na katika vituo hivyo kijiti ndicho kilichotegemewa.

Januari 2010, watangazaji wa BBC walichukua kadi moja ya kifaa hicho, ile iliyodaiwa kutambua baruti, wakaipeleka Chuo Kikuu cha Cambridge ifunguliwe. Ndani yake mlikutwa kibandiko cha kuzuia wizi, cha aina ile ile inayobandikwa kwenye nguo madukani ili mlango upige kelele mwizi akitoka nayo. Hakikuwa na uwezo wa kuhifadhi habari yoyote, seuze kuhisi harufu ya baruti. Kifaa kizima kilikuwa kimetokana na kitu cha mchezo kilichouzwa Marekani kwa bei isiyofika dola 20, ambacho kazi yake ilidaiwa kuwa ni kutafuta mipira ya gofu iliyopotea majanini. (Hata mipira hiyo hakikuwa kikiitafuta, ilikuwa ikitafutwa na macho ya mchezaji.) Mei 2013, mahakama ya London ilimhukumu McCormick kifungo cha miaka 10.

Hukumu hiyo iliwafurahisha wengi, na haki ilikuwa yao kufurahi. Lakini ilileta pia faraja ya uongo: kwamba jambo zima lilikuwa ni la tapeli mmoja na wajinga aliowapata. Tapeli hauzi maelfu ya vijiti kwa uongo wake peke yake. Anahitaji kitu kingine ambacho hakukitengeneza yeye, na ambacho kimo katika mkono wa kila mtu.

Siri hiyo haikuhitaji maabara ya Cambridge. Wahenga wa pwani waliisema kwa maneno manne: mwamba ngoma huvuta kwake. Msomaji asiyeamini na achukue pete, aifunge kwa uzi wa urefu wa shibiri moja hivi, aushike uzi kwa ncha za vidole, kiwiko kisiegemee popote. Achore duara kwenye karatasi, aiweke pete juu yake, kisha atazame duara lile na kuwaza kuwa pete inazunguka. Itazunguka. Akibadili wazo, akadhani kuwa itakwenda mbele na nyuma, itakwenda mbele na nyuma. Wala hatahisi kuwa anaisogeza. Ataapa, tena kwa nia safi, kuwa mkono wake umetulia tuli. Misuli ya vidole hulifuata wazo kwa miguso midogo mno isiyofika kwenye hisia za mwenyewe, na uzi huikuza miguso hiyo mpaka ikaonekana. Antena inayozunguka kwenye bawaba ni uzi huo huo kwa sura nyingine. Kipini kikiinama kidogo tu, kiasi cha unywele, antena hugeuka yote. Na mkono humwinamia yule ambaye moyo umekwisha kumshuku.

Jambo hili si jipya. Mkemia wa Ufaransa Michel-Eugène Chevreul, yule aliyewafundisha watu sabuni na mafuta yameumbwa na nini, alichapisha mwaka 1833 maelezo ya majaribio aliyoyafanya zaidi ya miaka 20 kabla. Aliona kitu kilichofungwa uziwe kinayumba juu ya zebaki, na akiweka kioo baina ya kitu hicho na zebaki, mwendo hufifia. Mtu mwengine angeishia hapo, akatangaza kuwa amegundua nguvu mpya inayozuiwa na kioo, na pengine angepata umaarufu mkubwa kuliko wa sabuni. Chevreul aliegemeza mkono wake kwenye kitu imara, mwendo ukapungua. Akafunga macho yake, mtu mwengine akawa anakiweka na kukiondoa kile kioo bila ya yeye kujua, na ile nguvu mpya ikapotea kabisa. Alikuwa na ujasiri wa kujishuku mwenyewe, akiwa ndiye mwenye mkono na ndiye mwenye jina.

Na karibu miaka 280 kabla ya hapo, mwaka 1556, Georgius Agricola alieleza katika kitabu chake cha uchimbaji madini namna wachimbaji walivyotembea na tawi lenye panda wakingoja lijipinde juu ya mshipa wa fedha. Rai yake ilikuwa kwamba mchimbaji mtu wa maana, aliyezoea kuzisoma alama za asili ardhini, hana haja ya tawi. Wanaodhani kuwa kushuku vijiti ni ugonjwa wa zama za kompyuta wana karne kadhaa za kusoma.

Mwenye kijiti basi si lazima awe mwongo. Hili halisemwi vya kutosha, na ndilo linalowachanganya wanaomtetea. Askari wa Baghdad aliiona antena ikigeuka, na iligeuka kweli. Mtafuta maji anahisi tawi likivutwa chini, na linavutwa kweli. Swali halikuwa kama kijiti hugeuka. Swali ni kinageuzwa na nani, na hilo halijibiwi kwa kuapa.

Hapo huja hoja ambayo katika baraza yoyote hupokewa kwa vichwa kutikiswa kwa kukubali: "Lakini maji yalipatikana." Na yalipatikana, ni vigumu yasipatikane. Katika visiwa vya matumbawe maji ya mvua hupenya kwenye mawe yenye vitundu, yakashuka mpaka yakayakuta maji ya bahari yaliyoingia chini ya kisiwa, na kwa kuwa maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi, huelea juu yake. Kwa kila mita moja ya maji baridi iliyoko juu ya usawa wa bahari, huwapo kiasi cha mita 40 chini ya usawa huo. Hiyo ni ajabu ambayo haihitaji kupambwa: kisiwa kizima kimekaa juu ya maji ya kunywa, nayo maji ya kunywa yamekaa juu ya bahari. Watu wa Lamu wamekunywa karne nyingi maji yanayohifadhiwa na vilima vya mchanga vya Shela, na aliyeyajua maji hayo aliyajua kwa kuujua mchanga. Akitokea mtu na tawi lake akatembea kisiwani, popote atakaposimama na kuamuru pachimbwe, aghalabu patatoka maji. Mwenzake akitembea na mwavuli uliofungwa atapata matokeo yale yale. Kinachotaka ujuzi ni kujua pa kukomea, kwani anayechimba kupita kiasi, au anayevuta maji kwa pampu yenye pupa, huipandisha chumvi kisimani. Na juu ya hilo tawi halijawahi kusema neno.

Anayetaka kulitukuza tawi, basi, hana budi aonyeshe visima vilivyochimbwa mahali ambapo tawi lilikataa, navyo vikawa vikavu. Hakuna anayevichimba visima hivyo. Kwa nini mtu achimbe mahali alipoambiwa hamna maji? Ndiyo maana tawi halikosei kamwe: makosa yake yamezikwa ardhini, hayakuchimbuliwa.

Kijiti cha Baghdad kilikuwa na kinga bora zaidi. Antena ilipomgeukia mtu naye akapekuliwa asikutwe na bomu, haikusemwa kuwa kifaa kimekosea; aliulizwa kama amejipaka manukato, au ana dawa ndani ya gari, au ana jino lililozibwa. Na nani katika mji mzima hana manukato, wala dawa, wala jino lililozibwa? Ilipokuwa kinyume chake, gari lenye bomu likapita salama, ilisemwa kuwa askari hakufunzwa vyema au mwili wake haukutulia. Kipimo kilichokingwa namna hiyo hakiwezi kushindwa, na kisichoweza kushindwa hakimwambii mtu kitu. Jenerali aliyekuwa akisimamia ununuzi huko Iraq alipoulizwa na waandishi wa Marekani mwaka 2009, alijibu kuwa kwake ni mamoja kama kifaa kinafanya kazi kwa uchawi au kwa sayansi, maadamu kinagundua mabomu. Jawabu hilo lina haiba ya mtu wa vitendo asiyependa porojo za maabara. Tatizo lake ni lile neno "maadamu". Juu ya neno hilo moja ndipo palipohitajika kipimo, na yeye alilipita mbio. Baadaye naye alifungwa kwa rushwa, lakini jawabu lake lingekuwa baya vile vile hata kama mikono yake ingekuwa safi.

Kipimo hicho si kigumu. Thailand nayo ilikuwa na kijiti chake, ndugu wa kile cha Iraq, kilichoitwa GT200, na jeshi lilikitumia sana katika mikoa ya kusini yenye uasi. Watu walikamatwa kwa sababu antena iliwaelekea. Februari 2010, baada ya wanasayansi wa nchi hiyo kupiga kelele, serikali ilikubali kifaa kijaribiwe. Baruti ilifichwa katika sanduku moja miongoni mwa manne, mara 20, na mwenye kijiti hakujua ni lipi. Alilipata mara 4. Kasuku aliyezoezwa kutua juu ya sanduku lolote angelilipata, kwa wastani, mara 5.

Hapa ndipo mpenda sayansi huacha mzaha. Baada ya matokeo kutangazwa, maafisa wa jeshi walisimama mbele ya waandishi wakashuhudia, mmoja baada ya mwengine, kuwa wao wamekitumia kifaa hicho uwanjani na wanajua kuwa kinafanya kazi. Hata mtaalamu mmoja mashuhuri wa uchunguzi wa maiti, mtu ambaye sifa yake yote ilijengwa juu ya ushahidi, alikitetea. Hawakuwa wajinga, wala si lazima kudhani kuwa wote walihongwa. Walikuwa wakikumbuka siku ambazo kijiti kilielekea mahali na baruti ikakutwa. Siku hizo zilikuwapo. Askari aliyekaa miaka katika vita ana jicho. Humjua mtu mwenye wasiwasi, huliona gari lililolemewa nyuma, hutambua njia iliyofukuliwa jana. Jicho huuambia mkono, mkono hukiambia kijiti, kijiti kikapata sifa. Kwa hiyo aliyeibiwa kwanza alikuwa ni askari mwenyewe, ambaye ujuzi wake wa kweli ulitwaliwa ukapewa kipande cha plastiki; na kila alipozidi kukiamini kipande hicho, ndivyo jicho lake lilivyozidi kulala.

Elimu haimkingi mtu na jambo hili. Mwaka 1904 mjini Berlin palikuwa na farasi aliyeitwa Hans, ambaye bwana wake, mwalimu mstaafu wa hesabu Wilhelm von Osten, alimwonyesha kwa watu bila ya kutoza hata senti. Hans alijumlisha, akatoa, akataja tarehe, yote kwa kugonga kwato ardhini. Tume ya wajuzi ilikaa, wakiwamo wataalamu wa wanyama, walimu, hata mtu wa sarakasi anayezijua hila zote za kazi hiyo, nayo haikuona udanganyifu wowote. Haukuwapo. Kijana mtafiti Oskar Pfungst, ambaye alichapisha utafiti wake mwaka 1907, alifanya jambo dogo tu: aliwaleta waulizaji wasiojua jawabu la swali wanalouliza. Hans akawa hajui kitu. Alikuwa akiwasoma watu; kichwa cha muulizaji kiliinama kidogo hesabu ilipoanza, kikainuka kidogo ilipotimia, na farasi akakoma kugonga. Pfungst alipokwisha kuijua siri hiyo alijaribu kujizuia asitoe ishara, akashindwa.

Hata chombo cha kweli huharibika kwa maradhi hayo. Mbwa ananusa, hilo halina ubishi. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha California huko Davis waliwachukua waongozaji 18 pamoja na mbwa wao, wakawaambia kuwa katika vyumba fulani huenda mmefichwa harufu za dawa za kulevya au baruti, na baadhi ya mahali wakabandika karatasi nyekundu kuwa ni alama. Hamkuwa na harufu yoyote iliyofichwa katika jengo zima. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yanaeleza kuwa zilitolewa ishara 225 za kupatikana kitu. Pua ilikuwa ya mbwa, na dhana ilikuwa ya bwana wake. Ikiwa pua ya kweli inapotoshwa na mkono ulioshika kamba, itakuwaje kwa antena isiyo na pua?

Yote haya yangeweza kuachiwa majeshi na mahakama, lau si ule msemo wa kuwa si kila kitu hupimwa, ambao watu wa fasihi wanaupenda kuliko watu wengine wote. Msemo huo ni wa kweli, lakini umewekwa pasipo mahali pake. Uzuri wa shairi haupimwi kwa masanduku manne, na hakuna mpenda sayansi mwenye akili zake aliyewahi kudai hivyo. Shairi halimwahidi mtu kuwa gari linalokuja halina bomu. Kijiti kiliahidi hivyo, kwa maneno na kwa maandishi, na ahadi ya namna hiyo hupimika tangu siku inapotamkwa.

Zaidi ya hayo, msomaji wa mashairi ya pwani ndiye mtu wa mwisho anayestahiki kudanganywa namna hii, kwani yeye amelelewa katika kupima. Mshairi akileta mshororo wenye mizani tisa katika ukwapi na saba katika utao, kisha akaapa kuwa yeye akiuimba huusikia umetimia, hapokelewi kiapo. Watu huhesabu kwa vidole mbele yake. Haulizwi alihisi nini alipokuwa akiandika, wala miaka yake mingi ya utungaji haimsaidii kitu. Mizani ni nane au si nane. Hata ule mgogoro wa mashairi huru uliowagawa watu tokea miaka ya 1970 haukuwa juu ya kama mizani zinahesabika. Ulikuwa juu ya kama zinalazimu. Inashangaza basi kuwa watu wale wale wanaoweza kumrudisha nyumbani mshairi mashuhuri kwa sababu ya silabi moja, hupokea kwa upole habari za kijiti kinachojigeuza, na anayeomba kihesabiwe humwona kuwa hana adabu.

Karatasi za biashara za ADE 651 zilistahiki msomaji wa aina hiyo. Kifaa kilielezwa kuwa hufanya kazi kwa mvuto wa ioni, wa umeme tuli na sumaku. Kila neno katika sentensi hiyo ni neno halali la fizikia. Ioni zipo, umeme tuli upo, sumaku ipo. Zilipopangwa pamoja hazikusema kitu. Ni sawa na ubeti uliojaa maneno ya kale yaliyookotwa kwenye kamusi, ambao msikilizaji hutikisa kichwa kwa heshima kwa kuogopa kuwa asiyeelewa ni yeye. Wahakiki wa ushairi wana neno kwa beti za namna hiyo, nalo si la heshima. Lau karatasi ile ingelipita mikononi mwa mhakiki mmoja mwenye ukali wa kawaida, mwenye kuuliza "neno hili limekuja kufanya nini hapa?", isingelifika kwa waziri.

Hubaki utetezi mmoja, nao ni wa werevu zaidi kuliko yote. Husemwa: na tukubali kuwa kijiti ni bandia, lakini mlipuaji hakujua, na huenda akaogopa, sanamu la shambani halina roho, na ndege hulikimbia. Mfano huo ni mzuri kwa anayeusema bila ya kulima. Mkulima anayesimamisha sanamu anajua kuwa ni sanamu. Alilivisha yeye mwenyewe kanzu kuukuu, na kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Haachi kwenda shambani kwa kutumaini kuwa sanamu litamwita nyani wakija. Katika vituo vya Baghdad mambo yalikuwa kinyume chake: waliotishika na kinyago walikuwa ni wenye shamba, na nyani walikwisha kujua. Hakukuwa na haja ya upelelezi mkubwa ili wajue; ilitosha kupita mara moja na mzigo na kuona kuwa antena haikugeuka. Na kila fedha iliyonunua kijiti ni fedha ambayo haikununua mbwa wala haikumlipa mkaguzi wa kufungua buti za magari.

Nao utetezi huo uliishi muda mrefu. McCormick alikuwa amekwisha kufungwa, kadi imekwisha kufunguliwa mbele ya dunia nzima, Uingereza imekwisha kupiga marufuku kifaa hicho kisipelekwe Iraq wala Afghanistan tokea Januari 2010, na bado vijiti viliendelea kushikwa katika vituo vya Baghdad. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Julai 2016, katika mtaa wa Karrada, watu waliokuwa wakitembea madukani katika siku za mwisho za Ramadhani walilipuliwa kwa gari. Waliokufa walizidi 300. Ndipo Waziri Mkuu Haider al-Abadi alipoamuru vijiti viondolewe. Jaribio la masanduku manne lingeweza kufanywa Baghdad kabla ya kununuliwa kijiti cha kwanza, kwa gharama ya masanduku yenyewe, na lingekwisha kabla ya adhuhuri.

Mfano wa jaribio la namna hiyo ulikuwapo tokea mwaka 1853. Mwaka huo London ilishikwa na homa ya meza. Watu waliizunguka meza, wakaweka mikono juu yake, na meza ikaanza kuzunguka. Wako waliosema ni umeme, wako waliosema ni roho. Michael Faraday, ambaye alijifunza kazi ya kujalidi vitabu kabla ya kuwa mwanafizikia mkubwa kuliko wote wa zama zake, alirudi kwenye vitu vya ujana wake: karatasi ngumu na gundi laini. Alipanga tabaka kadhaa za karatasi, moja juu ya nyengine, akazishikiza kwa gundi inayoachia kidogo, akaziweka baina ya mikono na meza. Ikiwa meza ndiyo inayovuta mikono, karatasi ya chini ingetangulia. Ikiwa mikono ndiyo inayoisukuma meza, ingetangulia ya juu. Ilitangulia ya juu. Waliokaa mezani walikuwa watu waaminifu, nao waliendelea kusema kuwa wanasukuma chini tu, si pembeni. Faraday akatengeneza chombo kingine chepesi chenye unyasi uliosimama mfano wa mshale, ambao ungeinama mara tu mikono ikianza kusukuma pembeni, akauweka mahali ambapo wenyewe wanauona. Walipoutazama unyasi ule, meza haikusogea.